Mwana wa Mhunzi: Maisha ya Michael Faraday na Safari ya Neno Elektroliti

Utangulizi

Katika baadhi ya betri za simu tunazobeba mifukoni mna utando mwembamba wa jeli. Utando huo si kiowevu wala si yabisi kamili. Ni polima iliyofyonza kiowevu chenye chumvi, nao ndio unaopitisha chembe zenye umeme kutoka upande mmoja wa betri hadi upande wa pili. Wanakemia huuita elektroliti ya polima ya jeli. Kila neno katika jina hilo lina historia yake, lakini makala haya yanashughulikia neno la kwanza, elektroliti, na maisha ya mtu aliyelitangaza mwaka 1834. Mtu huyo ni Michael Faraday, mwana wa mhunzi wa London, ambaye hakuwahi kusomea chuo kikuu chochote na hakujua Kigiriki, lugha ambamo neno lenyewe limechotwa.

Huenda msomaji akauliza: mwanakemia wa Uingereza aliyefariki mwaka 1867 anatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba maisha yake yanagusa swali linalotusumbua kila tunapojadili istilahi. Ni nani anayestahili kukipa kitu jina, na jina hilo liwe la namna gani ndipo lidumu? Faraday alikumbana na swali hili akiwa kazini maabarani, baada ya majaribio yake kumwonyesha kwamba maneno yaliyokuwapo yalikuwa yakimdanganya. Namna alivyolitatua ndiyo inayofanya maisha yake yastahili kusimuliwa katika jarida kama hili.

Kuzaliwa na Malezi

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali paitwapo Newington Butts, kusini mwa mto Thames, London. Babake, James Faraday, alikuwa mhunzi aliyekuwa amehama kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki mjini. Mamake aliitwa Margaret. Michael alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Afya ya baba ilikuwa dhaifu, na siku nyingi hakuweza kusimama kwenye fuawe. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda mno, inasimuliwa kwamba Michael alikuwa akipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha wiki nzima.

Elimu yake ya shule ilikuwa haba. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, basi. Hakufundishwa Kilatini wala Kigiriki, lugha ambazo wakati huo zilikuwa ndizo ufunguo wa usomi kote Ulaya. Hisabati ya juu pia ilimpita, na pengo hilo halikuzibika hadi kufa kwake.

Familia hiyo ilikuwa ya madhehebu madogo ya Kikristo yaliyojulikana kama Wasandemani. Waumini wake walishika Biblia neno kwa neno, walisaidiana katika shida, na hawakuona vyema mtu kujirundikia mali. Faraday alibaki katika imani hiyo maisha yake yote na baadaye akawa mzee wa kanisa. Ni vigumu kuelewa mwenendo wake wa baadaye, hasa namna alivyozikwepa heshima za dunia, bila ya kuzingatia malezi haya.

Waswahili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Robert, kakake Michael, aliifuata kazi ya baba na kusana kwelikweli. Michael hakushika nyundo wala mivukuto. Hata hivyo, jambo moja la uhunzi hakuliacha: alitaka kila maarifa yapitie mikononi mwake kwanza ndipo ayaamini.

Uanagenzi Katika Duka la Vitabu

Mwaka 1804, akiwa na umri wa miaka 13, Michael aliajiriwa kuwa mtumwa-njiani wa George Riebau, muuzaji na mjalidi wa vitabu. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti kwa wateja na kuyarudisha. Mwaka uliofuata Riebau alimchukua awe mwanagenzi wa ujalidi kwa kipindi cha miaka 7, bila ya kudai ada.

Wanagenzi wengi walishona kurasa na kubandika majalada bila ya kujali kilichoandikwa ndani. Faraday alivisoma vitabu alivyovijalidi. Makala ya ensaiklopidia kuhusu umeme ilimvutia sana. Kitabu cha kemia cha Bi. Jane Marcet, kilichoandikwa kwa njia ya mazungumzo ili kuwafaa wasiosomea taaluma hiyo, kilimfunulia uhusiano uliopo kati ya kemia na umeme. Alikuwa akiyajaribu yale aliyoyasoma kila alipopata senti za kununua vifaa. Kuanzia mwaka 1810 alihudhuria mihadhara ya jioni ya sayansi, na kakake mhunzi ndiye aliyekuwa akimlipia shilingi moja ya kiingilio.

Mnamo Julai 1812 alijitengenezea betri. Miaka 12 tu ilikuwa imepita tangu Alessandro Volta wa Italia atangaze chombo cha kwanza cha namna hiyo. Faraday alichukua sarafu 7 za shaba za nusu peni, vipande 7 vya zinki, na vipande 6 vya karatasi vilivyochovywa katika maji ya chumvi, akavipanga kwa zamu kama mtu apangaye chapati. Vipande hivyo vya karatasi vinastahili kukumbukwa, kwani bila ya maji ya chumvi yaliyomo ndani yake hapangekuwa na umeme wowote. Hiyo ndiyo iliyokuwa elektroliti ya kwanza kupita mikononi mwa Faraday, na wakati huo haikuwa na jina.

Kuingia Maabarani

Mwaka huohuo wa 1812 mteja mmoja wa Riebau, William Dance, alimpa kijana huyu tikiti za kuhudhuria mihadhara minne ya Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ya sayansi iliyokuwa imeasisiwa London mwaka 1799. Davy alikuwa mwanakemia maarufu kuliko wote nchini. Mwaka 1807 alikuwa ametumia umeme kuzitenga metali za sodiamu na potasiamu kwa mara ya kwanza. Faraday alinukuu kila alichosikia, akaandika upya kwa hati safi pamoja na michoro, kisha akaijalidi kazi hiyo kwa mikono yake.

Uanagenzi wake ulipokwisha, alianza kazi ya ujalidi kwa bwana mwingine, lakini moyo wake haukuwa huko. Alimwandikia rais wa Royal Society kuomba kazi yoyote ya kisayansi, na hakujibiwa. Ndipo alipomtumia Davy kile kitabu cha mihadhara. Davy alipendezwa. Wakati huo alikuwa amejeruhiwa macho na mlipuko wa kemikali, na kwa siku chache alimtumia Faraday kuwa mwandishi wake. Baadaye msaidizi mmoja wa maabara alifutwa kazi kwa kupigana, na tarehe 1 Machi 1813 Faraday aliajiriwa mahali pake. Mshahara ulikuwa shilingi 25 kwa wiki pamoja na vyumba viwili vya juu katika jengo la taasisi.

Kuanzia Oktoba 1813 hadi Aprili 1815 alifuatana na Davy katika ziara ndefu barani Ulaya, ingawa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani. Safari hiyo ilikuwa chuo kikuu chake na pia adhabu yake. Alikutana na wasomi wakubwa, akiwemo Volta mwenyewe mjini Milan mwaka 1814. Lakini mtumishi wa Davy alikuwa amekataa kusafiri, hivyo Faraday alilazimika kufanya kazi za utumishi, na mkewe Davy hakumwacha asahau kwamba yeye ni wa tabaka la chini. Alinyanyaswa akavumilia, kwani alijua alichokifuata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Miaka ya Ugunduzi

Mwaka 1821 ulimletea Faraday mambo mawili makubwa. Mwezi Juni alimwoa Sarah Barnard, Msandemani mwenzake. Hawakujaliwa watoto, lakini ndoa yao ilidumu kwa upendo hadi kifo. Mwezi Septemba alifaulu kuufanya waya unaopitisha umeme uzunguke sumaku bila ya kukoma. Hicho kilikuwa chanzo cha mota zote za umeme. Hata hivyo, baadhi ya watu walimshutumu kwa kutumia wazo la mwanasayansi mwingine, William Wollaston, bila ya kumtaja. Shutuma hiyo ilimuumiza sana. Jina lake lilipopendekezwa katika Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wake, alipinga. Faraday alichaguliwa mwaka 1824 licha ya upinzani huo, na katika maisha yake yote hakuacha kumtaja mwalimu wake kwa heshima.

Mwaka 1825 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa maabara. Katika mwaka huohuo aligundua benzeni ndani ya mafuta yaliyosalia baada ya gesi ya taa kushindiliwa. Mwaka 1826 alichunguza mpira wa asili na kuonyesha kwamba umeundwa kwa kaboni na hidrojeni peke yake, kwa uwiano wa kaboni 5 kwa hidrojeni 8. Hakujua, na hakuna aliyejua wakati huo, kwamba mpira ni polima, yaani molekuli ndefu mithili ya mnyororo wenye maelfu ya pete zinazofanana. Wazo hilo lilitetewa na Mjerumani Hermann Staudinger kuanzia mwaka 1920. Hivyo basi Faraday alishika polima kwa mkono mmoja na elektroliti kwa mkono wa pili, miaka mingi kabla ya watu kufikiria kuviunganisha.

Tarehe 29 Agosti 1831 alionyesha kwamba badiliko la sumaku huzalisha umeme ndani ya waya. Mitambo inayotuletea umeme kutoka mabwawa ya mto Tana na visima vya mvuke vya Olkaria inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ugunduzi huu peke yake ungetosha kumtukuza. Lakini kwa madhumuni ya makala haya, miaka mitatu iliyofuata ina uzito zaidi.

Maneno Yanapodanganya

Baada ya mwaka 1831 Faraday aligeukia swali la zamani: ni nini hasa hutokea umeme unapopita ndani ya maji yenye chumvi au asidi na kuyatenganisha? Alipima kwa subira. Alikusanya gesi zinazotokana na maji na kuzipima ujazo, na akaona kwamba kiasi cha dutu kinachotenganishwa hulingana na kiasi cha umeme uliopita. Umeme ukiongezwa maradufu, gesi nayo huongezeka maradufu. Aidha, umeme wa kiasi kimoja hutenganisha dutu mbalimbali kwa viwango maalumu ambavyo kemia ilikuwa tayari inavijua. Kanuni hizi mbili ndizo zinazotuwezesha hadi leo kukadiria ni umeme kiasi gani betri inaweza kuhifadhi.

Tatizo lilikuwa lugha. Ncha za waya zilizotumbukizwa ndani ya kiowevu ziliitwa kwa neno lilelile lililotumiwa kwa ncha za sumaku. Neno hilo lilibeba nadharia ndani yake: kwamba ncha hizo huzivuta chembe kutoka mbali kama sumaku ivutavyo chuma. Faraday aliijaribu nadharia hiyo. Alichukua karatasi zilizopakwa manjano na rangi nyingine zinazobadilika zikiguswa na asidi au alikali, akazilowesha kwa maji ya chumvi, kisha akazipelekea umeme kupitia hewani bila ya ncha ya metali kuzigusa. Rangi zilibadilika. Utengano ulitokea pasipokuwa na metali yoyote ya kuvuta. Kwa hiyo ncha zilikuwa milango tu ya umeme kuingilia na kutokea, na kani yenyewe ilikuwa ndani ya dutu inayotenganishwa.

Mtafiti mwingine angeendelea kutumia neno la zamani na kuongeza maelezo pembeni. Faraday aliona kwamba kila atakapolitamka neno hilo, msikilizaji atafikiria mvuto. Neno lingebatilisha jaribio. Akaamua kutafuta maneno mapya, na hapo upungufu wa elimu yake ukajitokeza. Kwa desturi ya wakati ule, maneno ya sayansi yaliundwa kutokana na Kigiriki, naye hakukijua.

Hakuona haya kuuliza. Kwanza alimwendea daktari wake, Whitlock Nicholl, aliyekuwa na ujuzi wa lugha za kale. Katika mashauriano hayo yalipatikana maneno elektrodi, yaani njia ya umeme, na elektroliti, yaani kile kinachofunguliwa au kulegezwa na umeme. Maneno mengine hayakumridhisha. Mnamo Aprili 1834 alimwandikia William Whewell wa Trinity College, Cambridge, msomi aliyebobea katika taaluma nyingi na ambaye ndiye aliyebuni neno ambalo Waingereza hulitumia kumwita mwanasayansi. Faraday alimweleza dhana aliyotaka kuitaja, maneno aliyokuwa ameyajaribu, na sababu za kutoridhika nayo.

Maelezo hayo yanafaa kuzingatiwa na kila mwanaistilahi. Faraday hakutaka majina yatakayoegemea nadharia yoyote kuhusu umeme, kwani alijua kwamba nadharia hubadilika. Alitafuta alama ya asili isiyobadilika. Aliwazia sumaku ya dunia kana kwamba inatokana na mkondo wa umeme unaoizunguka dunia kutoka mashariki kwenda magharibi, kama linavyokwenda jua. Dutu inayotenganishwa ikilazwa sambamba na mkondo huo, umeme utaingilia upande wa mashariki na kutokea upande wa magharibi. Whewell alimpendekezea anodi, yaani njia ya kupanda, na kathodi, yaani njia ya kushuka. Kwa lugha yetu tungesema mawio na machweo. Kwa chembe zinazosafiri ndani ya kiowevu alimpa neno ioni, lenye maana ya kiendacho, pamoja na vitanzu vyake, anioni na kationi.

Wenzake Faraday huko London waliyapinga maneno hayo vikali. Katika barua kwa Whewell alijifananisha na yule mtu wa hadithi aliyesafiri na mwanawe na punda, akijaribu kumridhisha kila mpita njia. Lakini alipowatajia wapinzani jina la Whewell, pingamizi ziliyeyuka. Hapa pana funzo lenye uchungu kidogo. Hata neno zuri huhitaji kuungwa mkono na mwenye mamlaka ya lugha. Maneno hayo yalichapishwa mwaka 1834 katika mfululizo wa saba wa tafiti zake za umeme.

Busara ya uteuzi huo ilidhihirika baadaye. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, na ikabainika kwamba ndani ya waya chembe hizo huelekea upande ulio kinyume na ule uliodhaniwa kuwa mwelekeo wa mkondo. Nadharia iligeuka, majina yakabaki.

Fumbo la Fluoridi ya Risasi

Faraday alikuwa ameona mapema mwaka 1833 kwamba barafu huzuia umeme, ilhali maji yake huupitisha. Alizijaribu dutu nyingi na kuona hali hiyohiyo: zikiwa yabisi hazipitishi, zikiyeyuka hupitisha. Ilielekea kwamba elektroliti ni lazima iwe kiowevu ili ioni ziweze kusafiri.

Hata hivyo, mambo mawili yalikataa kutii. Mwaka 1833 aliripoti kwamba salfidi ya fedha, ingawa ni yabisi, hupitisha umeme vizuri zaidi inapopashwa moto, kinyume kabisa na metali. Mwaka 1838 aliripoti kwamba fluoridi ya risasi nayo hupitisha umeme ikiwa moto sana, kabla ya kuyeyuka. Hakuwa na maelezo ya kutosha kuhusu hayo, na hakuyaficha ili kanuni yake ionekane safi. Aliyaandika waziwazi kuwa mambo yasiyolingana na mengine. Zaidi ya karne moja baadaye, wanasayansi waliyatambua kuwa miongoni mwa taarifa za kwanza za elektroliti yabisi.

Miaka ya Mwisho

Kazi nyingi ilimchosha. Kuanzia mwaka 1839 hivi alisumbuliwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na usahaulifu, akalazimika kupumzika kwa muda mrefu. Alirejea kwa kishindo mwaka 1845 alipoonyesha kwamba sumaku huathiri mwanga unaopita ndani ya kioo kizito. Alikuwa amekwisha kuanza kuiona nafasi inayoizunguka sumaku kuwa imejaa mistari ya kani. Wanahisabati wengi walilidharau wazo hilo kwa sababu halikuandikwa kwa milinganyo. Ni James Clerk Maxwell aliyelichukua na kuliandika kwa lugha ya hisabati. Kwa mara ya pili Faraday alikuwa amepata mwenye lugha aliyoikosa yeye.

Pamoja na utafiti, aliwajali wasio wataalamu. Alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni kwa umma, na kati ya mwaka 1827 na 1860 alitoa mifululizo 19 ya mihadhara ya Krismasi kwa vijana. Ule wa mshumaa, ambamo alieleza kemia nzima kwa kutumia mwali mmoja, ulichapishwa mwaka 1861.

Alikataa kutunukiwa cheo cha Sir na alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na huko ndiko alikofariki tarehe 25 Agosti 1867. Hakutaka kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey pamoja na wakuu wa nchi. Kaburi lake liko katika makaburi ya Highgate, London.

Elektroliti Inapogeuka Jeli

Neno lilipata umri mrefu kuliko mwenyewe. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner alibuni betri kavu, ambayo ndani yake maji ya chumvi yalichanganywa na plasta hadi yakawa rojo lisilomwagika. Mwaka 1973 watafiti wa Sheffield, akiwemo Peter Wright, waliripoti kwamba chumvi za sodiamu na potasiamu huweza kuungana na polima iitwayo oksidi ya polietilini zikawa yabisi moja. Mnamo mwaka 1978 Mfaransa Michel Armand alipendekeza dutu za aina hiyo zitumiwe katika betri.

Kasoro yake ilikuwa kwamba katika joto la kawaida minyororo ya polima kavu hukakamaa, na ioni husafiri polepole mno. Elektroliti ya kiowevu nayo hupitisha ioni upesi, lakini huweza kuvuja, na ile inayotumiwa katika betri za lithiamu hushika moto kwa urahisi. Jeli ni maafikiano kati ya hizo mbili. Polima hufuma wavu, na wavu huo hukishika kiowevu chenye chumvi ya lithiamu kama sifongo ishikavyo maji. Ioni husafiri ndani ya kiowevu, wavu ukizuia kumwagika. Upitishaji wake huweza kuzidi ule wa polima kavu kwa zaidi ya mara elfu moja. Shida inayowakabili watafiti ni mizani: kiowevu kikizidi, jeli hulegea na kuraruka; polima ikizidi, ioni hukwama.

Jeli za namna hiyo hutumiwa pia katika vyombo viitwavyo superkapasita, vinavyohifadhi umeme na kuutoa kwa haraka. Uwezo wa vyombo hivyo hupimwa kwa faradi, kizio kilichopewa jina la mwana wa mhunzi.

Msomaji akizitazama tena zile karatasi 6 zilizochovywa katika maji ya chumvi mwaka 1812, ataona kwamba jambo lenyewe ni lilelile: kiowevu kilichoshikwa na nyuzi ili kisimwagike. Na jina halikuhitaji kubadilishwa. Lau Faraday angeiita dutu hiyo maji ya umeme, jina lingeshindwa mara tu yabisi na jeli zilipoingia. Kwa kuwa aliiita kwa kitendo kinachotendeka ndani yake, jina limeyapokea yote.

Hitimisho

Kiswahili nacho kimeyapokea maneno hayo: elektrodi, elektroliti, anodi, kathodi, ioni. Umeme wenyewe ni neno letu la mwako wa mbinguni, lililopanuliwa maana likaingia ndani ya nyaya. Mjadala wetu kuhusu istilahi aghalabu hugawanyika pande mbili, wanaotaka kila neno lichimbwe katika Kibantu na wanaotaka kila neno likopwe kama lilivyo. Maisha ya Faraday yanaelekeza kwenye swali linalotangulia mjadala huo. Je, anayeunda neno amekiona kitu kikitenda kazi? Na anayekiona kitu kikitenda kazi, amemuuliza mwenye lugha?

Katika vyuo vyetu vikuu idara ya Kiswahili na idara ya kemia hutenganishwa na ua tu, na miaka hupita bila ya mwanafunzi wa upande mmoja kubisha hodi upande wa pili. Mwanakemia huandika tasnifu yake kuhusu jeli na polima asijue kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba. Mwanaistilahi naye hukaa na orodha ya Kiingereza na kutafsiri vitu asivyowahi kuviona. Mwaka 1834 barua kati ya maabara moja na chuo kimoja, zilizoandikwa ndani ya majuma machache, ziliipa dunia maneno ambayo bado inayatumia. Sisi hatuhitaji hata posta. Tunahitaji mwanafunzi wa Kiswahili atakayevuka ua huo, aombe aonyeshwe jeli yenyewe, na aulize bila ya kuona haya inafanya nini.